Bima ya nyumba: Jua inalipa nini kabla ya kusaini

Nyumba nyingi katika Kaunti ya Taita Taveta hazijengwi kwa mwaka mmoja. Msingi huchimbwa mwaka huu, kuta zikapanda baada ya mkopo wa chama kutoka, mabati yakaezekwa mwaka wa tatu, na sakafu ikangojea pesa za saruji. Jasho la miaka kumi linaweza kuteketea usiku mmoja kwa sababu ya waya wa stima ulioungwa vibaya.

Bima ya nyumba ipo kwa ajili ya usiku kama huo. Lakini wapo wakazi wanaolipa ada kila mwaka wakiamini kwamba hasara yoyote itakayoipata nyumba italipwa. Sivyo. Bima hulipa hasara iliyosababishwa na jambo lililotajwa kwenye hati, kwa kiasi kilichoandikwa, na kwa masharti yaliyowekwa. Jambo ambalo halikutajwa hubaki mzigo wa mwenye nyumba, hata kama amelipa ada kwa miaka ishirini bila kudai chochote.

Makala haya yanaeleza yaliyomo katika hati ya bima ya nyumba, yanayoachwa nje, na yale ambayo mkazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta anapaswa kuuliza kabla ya kusaini.

Hati moja, sehemu kadhaa

Nchini Kenya, bima ya nyumba ya kuishi huuzwa mara nyingi kama kifurushi chenye sehemu kadhaa. Mteja huchagua sehemu anazozitaka na hulipia zile tu alizochagua.

Sehemu ya kwanza ni jengo lenyewe: kuta, paa, milango, madirisha na vitu vilivyofungwa humo visivyohamishika. Kwa kawaida ukuta wa ua, lango na vyumba vya nje huingizwa pia. Tangi la maji na paneli za sola ni vitu vya kuuliza waziwazi, maana vina thamani kubwa na huwekwa nje ambako huharibika kwa urahisi.

Sehemu ya pili ni vyombo vya ndani: vitanda, viti, runinga, friji, nguo, vyombo vya jikoni. Sehemu ya tatu ni vitu vinavyotoka na mwenyewe, kama simu, tarakilishi ya mkononi au kamera. Hivi huorodheshwa kimoja kimoja pamoja na thamani yake. Simu iliyopotea safarini Mombasa hailipwi chini ya sehemu ya vyombo vya ndani kama haikuandikwa hapa.

Sehemu ya nne inamhusu mfanyakazi wa nyumbani. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kumfidia mfanyakazi anayeumia kazini, na sehemu hii humsaidia mwajiri kubeba gharama hiyo. Sehemu ya mwisho ni dhima kwa watu wengine, kwa mfano mgeni akiangukiwa na ukuta wako.

Hapa ndipo mpangaji na mwenye nyumba wanapotofautiana. Mwenye nyumba za kupangisha anahitaji sehemu ya jengo. Mpangaji hana haja ya kulikatia bima jengo lisilo lake, lakini viti na friji ni vyake. Nyumba ikiungua, bima ya mwenye nyumba haitamlipa mpangaji hata kijiko.

Vivyo hivyo kwa aliyejenga kwa mkopo wa benki. Bima inayotakiwa na benki hulinda jengo, na benki ndiyo hutangulia kulipwa deni lake. Vyombo vya ndani havimo mpaka mwenyewe aviongeze.

Je, mtu asiye na hati miliki ya ardhi anaweza kukata bima? Swali hili ni la wakazi wengi, maana familia nyingi zimejenga kwenye ardhi ya ukoo au ardhi ambayo hati zake hazijatoka. Msingi wa bima ni kwamba anayekata bima awe mtu atakayepata hasara kitu hicho kikiharibika. Aliyejenga kwa pesa zake kwenye shamba la baba yake anapata hasara nyumba ikiungua. Cha muhimu ni kuieleza kampuni ukweli wote kuhusu umiliki tangu mwanzo, na kupata jibu lake kwa maandishi.

Majanga yanayotajwa

Kiini cha hati ni orodha ya majanga. Katika hati nyingi utakuta moto, radi, mlipuko, tetemeko la ardhi, ghasia na migomo, uharibifu wa makusudi, kupasuka kwa mabomba au tangi la maji, wizi wa kuvunja, dhoruba na mafuriko, na jengo kugongwa na gari.

Kila neno katika orodha hiyo lina mipaka yake. Wizi ni mfano mzuri. Hati nyingi hutaka dalili za kuvunja: kufuli iliyokatwa, mlango uliong'olewa, dirisha lililobomolewa. Mlango ukiachwa wazi na runinga ikaondoka, kampuni inaweza kukataa kulipa. Kitu cha thamani kubwa nacho huwekewa kikomo kama hakikuorodheshwa peke yake, na pesa taslimu hulipwa kwa kiasi kidogo au hazilipwi kabisa.

Bidhaa za biashara si vyombo vya nyumbani. Mama mwenye duka kwenye chumba cha mbele, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, au mfanyabiashara anayeweka chini ya kitanda vito kutoka Kasigau, wote wanahitaji bima ya biashara kwa mali hiyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kuambiwa kwamba nyumba inatumika kwa biashara. Kunyamaza kunaweza kuharibu hata madai ya jengo.

Ndovu, maji na mlima

Hati nyingi ziliandikwa kwa nyumba ya mjini, si kwa nyumba iliyopakana na Tsavo. Karibu asilimia 62 ya eneo la kaunti hii ni hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Wakazi wa Sagalla, Kasigau na maeneo mengine ya mpakani mwa hifadhi wanajua maana yake: ndovu akinusa mahindi ghalani au maji tangini, ukuta haumzuii.

Soma sehemu inayozungumzia jengo kugongwa. Hati nyingi hutaja magari, na farasi au ng'ombe wasio wa mwenye nyumba. Ndovu hayumo katika maneno hayo. Mwenye nyumba asikubali jibu la mdomo kwamba "tutaangalia". Aombe wanyamapori waongezwe kwa maandishi kwenye hati, na kama kampuni haiko tayari, ajue mapema kwamba hasara hiyo itatafutiwa mlango mwingine.

Mlango huo upo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu mtu ambaye mali yake imeharibiwa na wanyama waliotajwa katika sheria hiyo, ndovu akiwemo, kuwasilisha madai kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Safari huanzia katika ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu. Toa ripoti mara moja, piga picha za uharibifu na nyayo kabla ya kurekebisha chochote, jaza fomu ya madai, na ubaki na nakala.

Sheria hiyo ina sharti ambalo wengi hulisahau: fidia ya mali inaweza kukataliwa kama mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kuilinda. Kwa hivyo ua, taa, au ua wa mizinga ya nyuki kama ule unaotumiwa na baadhi ya wakulima wa Sagalla, una faida mbili. Humzuia mnyama, na huwa ushahidi kwamba mwenye mali hakukaa mikono mitupu. Fidia hii si bima: haina ada, na haina tarehe ya uhakika ya kulipwa. Aliye na bima inayotaja wanyamapori aieleze kila upande kuhusu madai aliyoyapeleka upande wa pili, kwa sababu hasara moja hailipwi mara mbili.

Maji ni jambo la pili. Mto Voi hushuka kutoka Milima ya Taita, ukapita mjini Voi na kuingia Tsavo Mashariki. Kwa miezi mingi mtu huvuka bila kulowa, na hapo ndipo watu husahau kwamba ni mto. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliikumbusha nchi nzima kwamba maji hurudi kwenye njia yake. Aliyejenga karibu na mto au korongo aulize mambo mawili: je, mafuriko yamo kwenye hati, na je, ni kiasi gani atakachobeba mwenyewe mafuriko yakitokea? Kwa viwanja vya bondeni, kampuni inaweza kuongeza ada, kuongeza kiasi hicho, au kuyaondoa mafuriko kabisa.

Jambo la tatu ni mlima. Katika miteremko ya Wundanyi, Mgange na Werugha, mvua kubwa huleta hofu ya ardhi kuporomoka. Usidhani kwamba neno "mafuriko" linabeba maporomoko pia. Hati nyingi huacha nje kudidimia na kuporomoka kwa ardhi mpaka kuongezwe kwa maandishi na kulipiwa. Nyumba ikisukumwa na udongo, swali la kwanza la mthamini litakuwa: ni maji yaliyobomoa, au ni ardhi iliyohama?

Kisicholipwa

Bima hulinda dhidi ya ajali. Uchakavu si ajali. Mchwa waliokula kenchi kwa miaka mitatu, kutu kwenye mabati, rangi iliyobanduka kwa unyevu, ufa uliotokana na msingi mbovu, vyote hivyo ni kazi ya mwenye nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utaujenga kwa pesa zako. Upepo ukiezua paa, kampuni itatazama kama mbao zilikuwa nzima. Zikiwa zimeoza, madai yatakuwa na mgogoro.

Sharti jingine huwapata watu wa kaunti hii hasa. Wengi hufanya kazi Mombasa au Nairobi na huifunga nyumba ya nyumbani hadi Krismasi. Hati nyingi husimamisha ulinzi, hasa wa wizi, nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku 30 mfululizo. Kama nyumba yako hukaa imefungwa, iambie kampuni. Huenda ikakubali kwa sharti la kuweka mlinzi au jamaa wa kulala humo.

Vifaa vya ujenzi navyo vina uzito. Hati ya kawaida huchukulia kwamba nyumba ni ya mawe, matofali au saruji na paa la mabati au vigae. Nyumba ya udongo, ya mbao au ya makuti inaweza kukatiwa bima, lakini lazima itajwe hivyo kwenye fomu ya maombi, na ada huwa juu zaidi. Ukiandika "mawe" ilhali jiko la nje limeezekwa makuti, umeipa kampuni sababu ya kukataa siku ya moto.

Andika thamani gani?

Kosa hili huwagharimu wengi, na chanzo chake ni nia njema ya kupunguza ada.

Thamani inayotakiwa ni gharama ya kuijenga nyumba upya leo. Si pesa ulizotumia mwaka 2010, na si bei ambayo mnunuzi angekupa. Bei ya kiwanja haiingii, kwa sababu ardhi haiungui. Kinachoingia ni saruji, mawe, mbao, mabati, fundi, na gharama ya kuondoa kifusi. Nyumba ya ramani ileile inaweza kugharimu zaidi ikiwa mlimani kuliko mjini Voi, kwa sababu kila lori la mchanga lazima lipande barabara ya Mwatate hadi Wundanyi.

Chukua mfano. Nyumba iliyoko Voi ingegharimu Sh4,000,000 kujengwa upya. Mwenyewe ameandika Sh2,000,000 ili ada iwe nafuu. Moto unaunguza jikoni na sehemu ya paa, hasara ya Sh800,000. Anafikiri atalipwa zote, maana hazifiki milioni mbili. Lakini hati nyingi zina sharti la uwiano: ukikata bima ya nusu ya thamani, wewe na kampuni mnagawana kila hasara nusu kwa nusu. Atalipwa Sh400,000. Kisha hutolewa kiasi ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe katika kila madai. Kikiwa Sh10,000, mkononi atapata Sh390,000, na Sh410,000 zilizobaki atazitafuta kwingine.

Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakusaidii. Bima humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, haimtajirishi. Utalipa ada ya juu na kulipwa hasara halisi tu. Dawa ni kumwomba mthamini wa majengo au mkadiriaji gharama za ujenzi akupe hesabu, na kuipitia hesabu hiyo kila mwaka unapolipia upya, kwa kuwa bei ya saruji haikai pahali pamoja.

Ada, na siku bima inapoanza

Ada hupangwa kwa asilimia ya thamani uliyoandika. Juu yake kuna makato ya kisheria: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya Hazina ya Kufidia Wenye Bima, na Sh40 za stempu. Ada ya msingi ikiwa Sh10,000, makato hayo ni Sh20, Sh25 na Sh40, jumla Sh85. Anayekudai maelfu kwa jina la "ushuru wa serikali" mwombe mchanganuo.

Bima haianzi siku ya kujaza fomu. Kwa mujibu wa Sheria ya Bima, kampuni haibebi jukumu kabla ya kupokea ada. Kwa hivyo lipa moja kwa moja kwa nambari rasmi ya malipo ya kampuni, si kwa simu ya wakala, na udai risiti. Kabla ya hapo, hakikisha kwamba kampuni na wakala wote wawili wamepewa leseni ya mwaka huo na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima (IRA), ambayo huchapisha orodha ya wenye leseni.

Hasara ikitokea

Kwanza okoa watu. Kisha zuia hasara isizidi, kwa mfano kwa kufunika paa lililoezuliwa. Iarifu kampuni mara moja, kwa simu na kwa maandishi, kwa sababu hati huweka muda wa kutoa taarifa. Kwa wizi au moto, piga ripoti polisi na uchukue nambari yake.

Piga picha kila kona. Usitupe vilivyoungua kabla mthamini hajaviona, na usianze kujenga kabla ya kampuni kukubali. Andaa orodha ya vilivyoharibika pamoja na risiti. Hapa ndipo waliojiandaa huonekana: hati ya bima na risiti zilizofungiwa kwenye sanduku ndani ya nyumba huungua pamoja na nyumba. Zipige picha leo na umtumie mtoto au ndugu anayeishi kwingine.

Mwishoni utaletewa karatasi ya kusaini kwamba umekubali malipo kuwa ya mwisho. Isome pole pole. Ukishasaini, ni vigumu kurudi kudai zaidi.

Madai yakikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kipengele cha hati kilichotumika. Usiporidhika na jibu la kampuni, peleka malalamiko IRA. Huhitaji wakili kufanya hivyo. Kampuni ikifilisika na kuwekwa chini ya msimamizi, Hazina ya Kufidia Wenye Bima huwalipa wateja wake hadi kiwango kilichowekwa na sheria.

Maswali ya kwenda nayo kwa wakala

1. Ni majanga gani yametajwa, na yako ukurasa gani wa hati?
2. Je, uharibifu wa ndovu na wanyamapori wengine umo? Kama haumo, unaweza kuongezwa?
3. Je, mafuriko yamo? Maporomoko ya ardhi je?
4. Tangi la maji, paneli za sola, ua na jiko la nje vimehesabiwa?
5. Nyumba inaweza kukaa bila mtu siku ngapi?
6. Nitabeba kiasi gani mwenyewe katika kila aina ya hasara?
7. Thamani niliyoandika inatosha kuijenga nyumba hii upya leo?
8. Hasara ikitokea, nina siku ngapi za kutoa taarifa, na kwa nambari gani?

Wakala mwaminifu atafungua hati na kukuonyesha jibu la kila swali kwa kidole. Akikujibu kwa mdomo tu, mwombe aandike. Na kama tayari una bima, itoe hati kabatini leo jioni uisome mbele ya mwenzako na watoto wakubwa, ili siku ya hasara asiwepo mmoja tu ndani ya nyumba anayejua iko wapi na inasema nini.